Meno ya Juu

Watu hupenda kusema mtoto ni baraka ya nyumba. Waseme. Mimi nilijaaliwa mtoto mmoja tu, wa kike, na siku jino lake la kwanza lilipochomoza nyumba ilivunjika kabla jino lenyewe halijamaliza kutoka.

Aliyeliona ni mama mkwe wangu. Alikuwa amekuja kutoka Wambaa, kusini mwa Pemba, kumtazama mjukuu, na mfuko wake wa chaza wakavu ulikuwa bado haujafunguliwa jikoni. Mtoto alikuwa na homa ya meno, udenda unamtiririka, anatafuna kila kinachofika mkononi. Bibi akampakata, akachovya kidole kwenye asali, akampaka ufizi wa chini kama wafanyavyo wazee wote. Akaukuta mtupu. Akapandisha kidole juu. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nanoa nyembe, maana kazi yangu ilikuwa unyozi, nikamwona anavyokitoa kidole kile, polepole, kama mtu aliyegusa kitu ndani ya shimo na hajui ni kitu gani. Akainuka akaenda kunawa. Alinawa mikono yote miwili mpaka viwikoni, akarudi, akasimama. Hakumshika mtoto tena.

"Laja juu," akamwambia binti yake.

Asiyekuwa mtu wa kwetu atauliza kuna nini hapo. Mtoto anayeota meno ya juu kabla ya yale ya chini ni kigego, na kigego, kwa imani yetu, hula wenzake. Huanza na mama, au baba, au ndugu atakayemfuata tumboni, na akiwamaliza hao huenda kwa jirani. Zamani vigego hawakukua. Nilipokuwa mdogo nilisikia habari za kibibi mmoja aliyekaa peke yake kwenye kisiwa kidogo, akipelekewa watoto wa namna hiyo ili awalee. Sijapata kukutana na mtu hata mmoja aliyelelewa na kibibi yule.

Mama mkwe alikaa kitako, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Mwanangu, mie sitaki makuu. Kesho n'tamchukua n'mpeleke kwa wenyewe wanaojua, yaishe. Nyie bado vijana, mtapata mwengine."

Mke wangu alikuwa ananyonyesha wakati huo. Alimchomoa mtoto kifuani, akajifunga kanga vizuri, akamlaza kwenye mkeka kando yake. Mtoto akawa anapapasa ukingo wa kanga anatafuta chakula chake.

"Mwanangu hendi pahala," nikasema.

"Basi na mie mwanangu hakai," mkwe akajibu.

Nilidhani ni maneno ya hasira, yatalala yaamke yamepoa. Alfajiri nikakuta wamekwishafunga vitu vyao. Walipanda gari la kwanza la kwenda kusini, nami nikawafuata mpaka kituoni na mtoto begani, analia kwa njaa, nikasimama chini ya dirisha nikamwita mke wangu. Maziwa yalikuwa yameshapita kwenye kanga, kifua chote kimelowa, naye anatazama mbele. Nilimwita tena. Abiria wakaanza kumtazama yeye kisha mimi. Gari likaondoka, na yeye hakugeuza shingo. Baada ya muda alikuja mjomba wake kudai talaka, nikaitoa palepale, tatu kwa mkupuo, nisije siku moja nikashawishika kurejea.

Hawakusema sababu, wala mimi sikuisema. Mkwe wangu alikuwa na binti wengine wawili nyumbani, na nani angeposa katika nyumba inayozaa vigego? Wao wakatangaza mume ana kisirani. Mimi nikatangaza mke kanikimbia. Hatukukaa kikao kukubaliana hivyo. Tuliogopa kitu kimoja, basi tukasema uongo mmoja.

Kwa hiyo nikawa mwanamme wa mtaa wa Jadida anayelea kitoto cha ziwa. Atakayewaambia kwamba watu walinihurumia muulizeni alikuwa anakaa mtaa gani. Nilikuwa nikipita na mafurushi ya winda za kufua, wanawake kisimani wananisogezea ndoo kwa adabu kubwa: "Bibi mzazi kaja, mpisheni!" Mmoja alikuwa akinipa mkono wa pole kila asubuhi na kuniuliza kama maziwa yangu yameshashuka. Mzee mmoja jirani alinishauri nioe upesi, hata kilema, hata kichaa, ili mradi mikono yake miwili mizima. Nikamwambia nikipata kichaa nitamletea yeye kwanza. Hakunisalimu mpaka ukaingia mwezi wa Ramadhani.

Nilinunua mbuzi mwenye maziwa. Nilijifunza kuchemsha uji wa mchele uliopondwa, kuuchuja kwa kitambaa, na kuupoza kwa kuumimina kikombe hiki na hiki. Mtoto alinitapikia kanzu zote mbili. Kwa kuwa kusuka sikujua, nywele zake nilizinyoa mwenyewe kila zilipochomoza, kipara safi, ndivyo alivyoonekana wa kiume mpaka alipoanza kutembea. Usingizi wake ulikuwa mwepesi na wangu ukawa hivyo hivyo. Sikuwa na wa kumwachia, basi nilikwenda naye kazini.

Kazi yangu ilikuwa kwenye kibaraza karibu na soko la Wete. Kiti kimoja, kioo kimoja chenye ufa, kigoda cha anayesubiri, na sanduku la mbao lililokuja na majani ya chai. Mtoto nilimtia humo sandukuni juu ya matambara. Na hapo ndipo shida yenyewe ilipokuwa, maana kwa kinyozi watu huja kukaa. Hata asiye na nywele hukaa. Na mtu aliyekaa bila kazi akimwona mtoto sandukuni atamfanyia nini? Atamtekenya. Atamtolea ulimi, atajifunika uso kwa kofia na kujifunua, mradi mtoto acheke. Mtoto akicheka hufungua kinywa. Na kinywani mwake juu kulikuwa na meno mawili meupe kabisa, na chini hakuna kitu.

Nilijaribu kumgeuza akabili ukuta. Nilijaribu kumfungia kitambaa chenye tende anyonye. Nilisema ana vidonda vya mdomo, msimchokoze. Haikufaa kitu, alikuwa mtoto wa kucheka. Akimwona kuku anacheka, akimwona mtu anapiga chafya anacheka.

Ndipo nikatumia shabu. Kinyozi yeyote anayo, ni lile jiwe jeupe la kukatia damu: ukimkwaruza mteja unalilowesha na kulipitisha kwenye jeraha, ngozi inajikunja. Ukiliweka mdomoni linakausha mate yote na kuvuta midomo pamoja. Kila alipoanza kuchekea watu nilimpitishia shabu mdomoni. Alikunja uso, midomo ikafungana, machozi yakamtoka. Mteja akiuliza nikasema ni dawa ya vidonda. Mtoto mchanga si mjinga. Haikupita muda mrefu, akawa akiona mkono wangu unakwenda kwenye kibao cha vifaa tu, anafunga kinywa mwenyewe.

Msinitolee macho. Kulikuwa na njia mbili, shabu au kile kisiwa. Anayeijua ya tatu angekuja kunifundisha wakati ule.

Meno ya chini yalitoka mwishowe, manne kwa pamoja, kama yaliyokuwa yakingojea ruhusa. Siku hiyo nilifunga kibaraza nikambeba mtoto nikazunguka naye soko zima. Kwa muuza samaki, kwa muuza kahawa, kwa mafundi cherahani. Nilimbonyeza mashavu afungue kinywa, nikasema kwa sauti, "Jamani, mtazameni binti yangu anavyoota meno!" Wakasema mashallah. Mwenye kahawa akampa kashata. Mtoto akaishika mkononi bila kuila, kinywa kakifunga, anautazama mkono wangu.

Basi miaka ikapita, na kama kuna siku nilizofurahi katika maisha yangu ni hizo. Akajua kutembea, akajua kusema, akajua kunijibu. Akiniona nakoroga uji alinisahihisha: "Baba, waunguza." Alikuwa na kazi yake kibarazani. Nywele za watu hazitupwi ovyo, akizipata mwenye nia mbaya huenda akamfanyia mwenyewe uchawi, basi mwanangu alizifagia kwa kifagio chake kifupi, akazikusanya kwenye kifuu na kwenda kuzifukia nyuma ya ukuta. Wateja walimwamini. Wengine walimwita kwa kazi hiyo kabla hawajainuka kitini. Zama zile za siasa, ndugu wa tumbo moja walikuwa hawazikani kwa sababu ya vyama, na mimi nilinyoa wa chama hiki na wa chama kile, na wote walinitukana kwa hilo, lakini nywele zao aliwafukia mtoto mmoja, kwenye shimo moja.

Kucheka hakucheka tena kwa kinywa. Kikimfurahisha kitu alikuwa akibana midomo na kutoa pumzi kwa pua, mabega yakitikisika. Mtu asiyemjua angedhani ana mafua.

Na sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu. Mimi mwenyewe niliamini. Sikumnyima mkwe wangu mtoto kwa sababu nilijua kigego ni uongo, nilimnyima tu kwa kuwa alikuwa wangu. Kila alipokufa mtu Jadida nilihesabu nyumba kutoka kwake mpaka kwetu. Mbuzi yule wa maziwa alipokufa nilimtazama mtoto kwa muda. Niliwahi kuugua homa kali, nimelala siwezi hata kuinua kikombe, nikafungua macho nikamkuta amekaa miguuni pangu ananitazama, midomo kaibana kama alivyozoea. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, usinile bado." Akaniletea maji.

Alikuwa anakaribia umri wa miaka sita mkwe wangu aliporudi.

Nilimwona anakuja kibarazani amejitanda kanga mpya, anachechemea goti moja, anatabasamu tangu mbali. Wateja wakampisha. Akamsalimia kila mtu, Mzee huyu na Mzee yule, akaulizia afya za watu asiowajua. Kisha akamwita mtoto. Akamshika mikono, akaigeuza viganja juu, akampapasa mabega, akamwambia ainue ndoo ya maji iliyokuwa pale, mtoto akainua. Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kinywani hakumtazama kabisa.

"Mwana wa kike halelewi sokoni baina ya wanaume," akaniambia. "N'mekuja kumchukua mjukuu wangu."

Nilijua lililomleta. Binti yake mmoja alishaolewa na kuondoka, aliyebaki ana posa mkononi, na goti lake halimruhusu kwenda pwani. Wambaa wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukoni mpaka yaoze, kisha huyafukua, huyabeba na kuyaponda kwa ajili ya kamba. Ni kazi ya kuvunja mgongo, nayo yataka mgongo mchanga. Kibibi wa kisiwani ameshakufa labda, lakini makumbi yalikuwa yapo.

Nikamfukuza. Sikumfukuza kwa adabu. Akaondoka bila kukasirika, akaenda moja kwa moja kwa kadhi.

Nilipopata wito nilicheka, nikamwonesha mteja mmoja aliyesoma. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kwa sheria yetu wazazi wakiachana mtoto mdogo hulelewa na mama. Mama akiolewa na mume mwengine, na yule wangu alikwishaolewa, haki ile haiendi kwa baba. Inakwenda kwa mama wa mama. "Bibi yule ana haki, yakhe," akaniambia. "Labda uwe na la kumtia dosari."

Nilikuwa nalo. Usiku na mchana nilitembea nalo ulimini. Nikimwambia kadhi kwamba bibi huyu ndiye aliyetaka kumtupa mtoto, nitaulizwa kwa sababu gani. Na sababu nikishaitamka, hakuna tena shabu duniani itakayofunga kinywa hicho. Nani atacheza naye? Nani atakaa naye jamvi moja chuoni kwenye Kurani? Nani atamwoa? Nilikuwa nimemlea miaka yote hiyo ili neno lile lisisemwe, na sasa sikuwa na silaha nyingine isipokuwa neno lile.

Siku ya kesi tulikutana kwenye ukumbi wa nje, mkwe wangu na mimi, tunangoja kuitwa. Mtoto nilikuwa nimemvika gauni jipya la maua na kumpaka mafuta ya nazi miguuni. Watu walikuwa wengi kwenye mabenchi, kila mmoja na mashitaka yake, wengine wamekuja tu kusikiliza ya wenzao. Bibi akanisogelea, akaninong'oneza bila ya kuondoa tabasamu.

"Hutasema, mwanangu. N'akujua. Wampenda mno."

Ndani, kadhi aliyekaa siku ile alikuwa mtu mzima, mpole, sauti yake haipandi. Aliuliza maswali yake kwa utaratibu. Bibi ana nyumba? Anayo. Anaswali? Anaswali. Mama wa mtoto ameolewa na mtu asiye wa ukoo? Ameolewa. Baba anafanya kazi gani, na mtoto anashinda wapi baba akiwa kazini? Nikajibu anashinda sokoni. Kadhi akanitazama kwa huruma. Kisha akaniuliza kama nina sababu yoyote ya kumzuia bibi asipewe mjukuu wake.

Mkwe wangu alikuwa ameshaanza kukusanya ncha za kanga ainuke.

Ni hasira iliyosema. Ile ncha ya kanga. "Shehe," nikasema, "bibi huyu alitaka kumpeleka akatupwe. Mtoto huyu kaota ya juu mwanzo. Ni kigego, na bibi ajua, yeye ndiye alomwona."

Nilisikia mabenchi yakisogea nje ya mlango. Bibi akaangua kelele, "Mwongo! Shehe, mwongo huyu, n'aapa kwa Mungu!" Mimi sikumtazama, nilimtazama kadhi. Nilikuwa na hakika kwamba atashtuka. Nilidhani atavuta joho lake, atasema mtoto huyu akae hukohuko aliko, asipelekwe katika nyumba nyingine akaiangamize. Kila mtu niliyemjua angefanya hivyo. Mkwe wangu angefanya, mzee jirani angefanya, mimi pia.

Kadhi alikasirika. Akavua miwani. "Astaghfirullah. Waja mbele ya sheria ya Mungu na jino?" Akaniambia meno huota anapotaka aliyeyaumba, juu au chini. Akasema hayo ni mambo ya ujahili, na mtu anayeamini kwamba mtoto mchanga ana uwezo wa kuua aitazame imani yake. Akasema kwamba hilo lenyewe ni sababu ya kutosha ya kumtoa mtoto kwangu, kwa kuwa ninamlea huku ninamdhania mabaya. Kila neno lake lilikuwa la haki. Kosa langu ni kwamba sikujua kama yupo mtu Pemba asiyeogopa kigego, na Mungu akanikutanisha naye siku ile.

Akampa bibi mtoto.

Lakini kadhi alikuwa mmoja, na mabenchi yalikuwa yamejaa. Tulipotoka, watu walikuwa wameshaacha njia katikati. Mama mmoja alimvuta mwanawe wa kiume akamficha nyuma ya buibui. Hakuna aliyetukana, na hakuna aliyesogea karibu. Mkwe wangu alimshika mtoto kifundo cha mkono, akapita katikati yao anachechemea haraka, anarudia, "Mwongo yule, msimsikilize." Nikawafuata kwa nyuma. Sikuwa na haki tena ya kuwafuata, lakini miguu ilikwenda.

Gari la kusini lilikuwa kituoni limekaribia kuondoka, la mwisho kwa siku ile, na habari ilikuwa imeshalifikia kabla yetu. Utingo alisimama mlangoni akanyoosha mkono.

"Bibi, weye panda. Huyo hapandi."

"Mjukuu wangu huyu! Kadhi kanipa!"

"Kadhi hapandi gari hili," utingo akasema. "Lina mteremko mbele, na watu wana watoto majumbani."

Ndani wanawake wakaanza kuita teremsha, teremsha, ingawa hakuna aliyepanda. Dereva akawasha moto. Bibi akasimama chini ya jua, goti linamuuma, anatazama gari na anatazama njia ya Wambaa, mwendo wa siku nzima kwa mguu. Nilimwona anafikiri. Sidhani alifikiri juu ya mtoto. Naona alifikiri juu ya binti yake mwenye posa, na akina mama wale waliokuwa wakimtazama madirishani, wangojea kuona mkono wake utafanya nini.

Mkono wake ukaachia. Akapanda. Ndani wakampisha nafasi kubwa, zaidi ya alivyohitaji, na yeye akakaa katikati ya nafasi ile akavuta kanga usoni. Mtoto akabaki amesimama kwenye vumbi na gauni lake la maua.

Yaliyofuata nayasema hapa niyamalize. Posa ya binti yule ilirudishwa, na niliposikia nilifurahi, sikatai. Kibarazani kwangu wateja walipungua, lakini kinyozi mzuri hapatikani kila mahali, wengine wakarudi. Walirudi na sharti lao. Waliinuka kitini, wakakusanya nywele zao wenyewe, wakazifunga kwenye karatasi na kuondoka nazo. Chuoni watoto walimpa mwanangu jamvi lake peke yake, pana, zuri, karibu na mlango. Alipokua, wa kumposa hawakuja. Kadhi hakuja kuninyang'anya, na bibi hakudai tena. Mtoto alikuwa wangu kabisa, hapana mwingine aliyemtaka.

Lakini siku ile gari lilipoondoka nilimshika mkono tukaanza kurudi Jadida. Njiani watu walikuwa milangoni. Sikuwasalimu. Mwanangu alitembea upande wangu, hakulia, na mimi nilikuwa na furaha ya aliyeshinda, ndiyo, nilikuwa nayo, nilikuwa nimembana mkono kwa nguvu kama mtu aliyerudishiwa kilichoibwa. Tulipofika kwenye kivuli cha ukuta wa mwisho kabla ya nyumbani, akasimama.

"Baba," akasema, "mie nimeshamuua nani?"

"Hujamuua mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mwanangu. Wallahi."

Akafikiri. Alikuwa na desturi ya kufikiri huku amebana midomo.

"Basi mbona weye ndiye ulosema?"